Mkonge, mbono na swali la baba mdogo

Kama kuna maneno mawili yaliyonichosha tangu nianze kuandika magazetini, ni haya: "linastahimili ukame." Yanakuja kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, yanakuja kwenye hotuba, yanakuja kwenye semina za siku moja pale hotelini, katikati ya chai ya saa nne na wali wa saa saba. Zao jipya likiletwa nchini lazima livishwe bango hilo. Mbegu ya mafuta, inastahimili ukame. Mti wa dawa, unastahimili ukame. Sijawahi kumsikia ofisa akisimama na kusema jamani, hili likikosa maji linakufa.

Sina ugomvi na maneno yenyewe, mara nyingi ni ya kweli. Ugomvi wangu ni kwamba mazungumzo huishia hapo. Linastahimili kwa kufanya nini? Na wakati linastahimili, linaendelea kuzaa, au limejikunyata tu likingoja mvua kama sisi wengine tunavyongoja mwisho wa mwezi? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na katika nchi hii watu wamepoteza ardhi kwa sababu yalichanganywa.

Nitafika kwenye ardhi. Kwanza turudi darasani kidogo. Wale mliokimbia baiolojia mkaenda kusoma historia na Kiswahili (karibuni, tuko wengi), msifunge ukurasa. Kuna kitu kitamu hapa ambacho shuleni tulikikariri kwa ajili ya mtihani bila kukionja.

Mmea hula hewa. Sukari, unga, nyuzi, mafuta, karibu vyote vinajengwa kwa kaboni inayotoka kwenye hewa ukaa. Ili hewa hiyo iingie, jani lina vinywa vidogo sana viitwavyo stomata, ambavyo hufunguka na kufungwa. Shida ni kwamba ndani ya jani kumelowa. Kinywa kikifunguka ili hewa ukaa iingie, papo hapo mvuke wa maji unatoka. Ni kama nyumba za uswahilini: ukifungua dirisha upepo uingie, harufu ya ubwabwa wako inaenda kwa jirani, huwezi kuchagua. Kwa hiyo kila tonge la hewa ukaa mmea unalilipia kwa maji, na wataalamu wa mimea hupima bei hiyo: ni gramu ngapi za maji zinapotea ili gramu 1 ya hewa ukaa inaswe?

Hapa ndipo mimea inapogawanyika.

Kundi kubwa kuliko yote hutumia njia iitwayo C3, kwa sababu kitu cha kwanza kutengenezwa baada ya hewa ukaa kunaswa kina atomi 3 za kaboni. Mpunga, ngano, maharage, muhogo, mbuyu, wote wamo. Hawa hufungua vinywa mchana, jua likiwaka, na kazi yote huifanya hapohapo. Kimeng'enya wanachokitegemea kinaitwa rubisko, na rubisko ana kasoro: joto likizidi anaanza kukosea, badala ya kukamata hewa ukaa anakamata oksijeni, na mmea unaingia hasara ya kurekebisha. Bei yao, kwa makadirio ya vitabu vya fiziolojia ya mimea, ni gramu 400 hadi 500 za maji kwa gramu 1 ya hewa ukaa.

Kundi la pili ni C4: mahindi, mtama, miwa. Njia hii ilielezwa vizuri mwaka 1966 na Hatch na Slack kule Australia, wakifanya kazi na muwa. Hawa wana pampu. Hewa ukaa inakamatwa kwanza na kimeng'enya kingine kisichobabaishwa na oksijeni, kisha inasukumwa kwenye seli za ndani ambako rubisko analishwa mpaka anashiba, hana nafasi ya kukosea. Wanaweza kubana vinywa vyao kidogo na bado wakala vizuri. Bei: gramu 250 hadi 300.

La tatu ndilo lililonifanya niandike leo. Linaitwa CAM, herufi zinazotokana na Crassulaceae, familia ya mimea yenye majani manene ambako tabia hii ilichunguzwa mwanzoni. Mkonge umo. Nanasi limo. Mshubiri umo. Mimea mingi, ingawa si yote, inayojaza maji kwenye majani au mashina yake imo. Hawa wamefanya kitu ambacho ukikifikiria unaweza kucheka: mchana wanafunga mlango, wanakula usiku.

Lakini usiku hakuna jua, wanapikaje? Hawapiki. Wanakusanya. Vinywa vinafunguka giza likiingia, hewa ukaa inaingia na kugeuzwa kuwa asidi ya maliki, na asidi hiyo inarundikwa kwenye mfuko mkubwa ulio ndani ya kila seli. Kukipambazuka vinywa vinafungwa. Asidi inatolewa stoo taratibu, inavunjwa, hewa ukaa inaachiliwa ndani kwa ndani, na rubisko anafanya kazi yake kwa nguvu ya jua nyuma ya mlango uliofungwa. Ni mambo tuliyoyafanya wakati wa mgao wa umeme: umeme ukirudi saa sita usiku unaamka, unapiga pasi nguo za wiki nzima, unachaji kila chenye betri, halafu mchana unatumia akiba.

Faida yake ni kubwa kiasi gani? Nilikaa na jedwali la mvuke nikapiga hesabu mwenyewe. Chukua siku ya kiangazi ya kawaida huko bara: mchana nyuzi 34 na unyevu wa hewa asilimia 35, usiku nyuzi 21 na unyevu asilimia 75. Ukichukulia kwamba jani lina joto sawa na la hewa, nguvu inayovuta maji kutoka ndani ya jani mchana ni zaidi ya mara 5 ya ile ya usiku. Kinywa kilekile, mmea uleule, tofauti ni saa tu. Ndiyo maana bei ya CAM ni gramu 50 hadi 100.

Sikuridhika na jedwali. Mama mwenye nyumba wangu ana kopo la mmea ule ambao jani lake likianguka linaotesha vitoto pembezoni, Kalanchoe kwa jina la kitaalamu. Mwanzoni mwa karne ya 19 huko India, mtaalamu wa mimea aitwaye Benjamin Heyne aligundua kwamba majani ya mmea huo ukiyatafuna asubuhi ni machachu kama ndimu, mchana hayana ladha, jioni yanakaribia kuwa machungu. Aliandika barua kwenda London, na ikachapishwa mwaka 1815. Mimi sikutafuna, maana familia hiyo ina sumu zinazojulikana kudhuru mifugo na sitaki kuwa habari ya ukurasa wa tatu. Nilinunua Kariakoo vile vikaratasi vya kupimia asidi. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikaponda kipande cha jani: kikaratasi kikasoma karibu 4. Saa kumi alasiri, jani jingine la mmea uleule: kati ya 5 na 6. Mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimeanza uganga. Nikamwambia bado nasoma.

Sasa turudi kwenye ardhi.

Mnaukumbuka mbono? Mbono kaburi, ule unaopandwa ua na kwenye makaburi, Jatropha. Mimi nilikuwa shule ya msingi ulipovuma, kwa hiyo nimeufuatilia kwenye magazeti ya zamani. Kati ya 2005 na 2010 mbono ulikuwa mkombozi. Mbegu zake zina mafuta, mafuta yanaendesha magari, na (ndiyo, ulidhani nimesahau) unastahimili ukame, kwa hiyo utapandwa kwenye ardhi isiyofaa kwa kitu kingine na hautagombana na chakula. Kisarawe peke yake kampuni moja ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizogusa vijiji 11, kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka 2011 shughuli zilisimama, mamia ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na wanavijiji wakabaki wakiulizia fidia na ardhi waliyokuwa wakichota maji na kuokota kuni.

Sasa utazame mbono kwa macho ya darasa letu. Shina lake ni laini na limejaa maji. Ukiugusa unasema huu ni ndugu wa mkonge. Lakini majani yake ni ya C3. Yanafungua vinywa mchana, yanalipa bei ya mpunga. Mbono unaupitaje ukame basi? Kwa kufunga duka. Maji yakipungua unafunga vinywa, ukame ukiendelea unapukutisha majani yote, unabaki shina tupu lenye akiba yake ndani, na unasubiri. Hautakufa, hapo walisema kweli kabisa. Ila mti usio na majani hautengenezi sukari, na bila sukari hakuna mafuta. Uhai umestahimili, mavuno hayakustahimili.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walikadiria kwamba lita 1 ya dizeli ya mbono inahitaji karibu lita 20,000 za maji, idadi mbaya kuliko mazao mengine ya mafuta waliyoyalinganisha. Mwaka huohuo wataalamu wengine waliipinga hesabu hiyo, na ubishi wao ulikuwa na hoja. Lakini hata ukiitupa namba hiyo jalalani, kuna jambo halihitaji maabara. Kisarawe siyo jangwa. Kisarawe kuna mikorosho, muhogo, machungwa na mananasi. Kama mti ulikuwa wa nchi kavu, kwa nini ulitafutiwa shamba kwenye mvua? Nadhani jibu ni kwamba mwenye pesa alijua anachokitafuta: mavuno. Kustahimili kulikuwa ni kwa ajili ya bango.

Sisemi stomata ndizo zilizoiua ile kampuni. Mtaji ulikata, na biashara hufa kwa sababu nyingi. Nasema ahadi waliyopewa watu ilisimama juu ya maneno mawili ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne angeweza kuyahoji, kama angekuwepo kwenye kile kikao.

Pembeni ya mbono, kwenye ua huohuo, utaukuta mnyaa. Ule wa vijiti vya kijani na utomvu mweupe ambao tukiwa watoto tulitishwa kwamba ukiingia machoni basi. Dodoma, Singida, Shinyanga, nyua nyingi ni minyaa. Huu unanifurahisha kwa sababu hautaki kuchagua upande. Una vijani vidogo sana vinavyotoka mvua ikija, na hivyo hutumia C3. Shina lenyewe ni la kijani na hutumia CAM. Wakati wa neema unakula mchana kwa vijani. Kiangazi kikija vijani vinadondoka, shina linaendelea na zamu ya usiku. Hata huu uliwahi kuahidiwa makubwa. Melvin Calvin, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuifafanua hiyohiyo njia ya C3, alitumia miaka yake ya baadaye akipigia debe mimea ya ukoo wa mnyaa kama mashamba ya petroli, kwa sababu ya ule utomvu. Mpaka leo sijaona kituo cha mafuta cha mnyaa.

Kuna mwingine mdogo unaotambaa chini, majani yake manene kama vidole vya mtoto mchanga, pwani huitwa tako la hasani (msinilaumu, sikulitunga mimi). Huo ni C4 kama mahindi, na ukikaushwa unaanza CAM. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionesha kwamba njia hizo mbili zinakwenda ndani ya seli zilezile. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba haziwezi kupikwa chungu kimoja. Na mmea huo tunaung'oa kama magugu.

Haya, mkonge.

Mkonge si wa kwetu. Umetoka Yucatán, Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vingi vilikufa njiani, na 62 tu vikafika hai vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 ikajengwa Tanga nzima: reli, makambi, Mlingano na utafiti wake, na mwaka 1964 nchi ikazalisha zaidi ya tani 200,000 za nyuzi. Kisha kamba za plastiki zikaja, mashamba yakataifishwa, na kufikia miaka ya 1990 mwishoni tulikuwa karibu na tani 20,000. Angalieni kwamba ukame haumo kwenye orodha hiyo. Mkonge uliangushwa na nailoni na maamuzi ya watu. Wenyewe uliendelea kula usiku.

Sasa umerudishwa kwenye mazao ya kimkakati, na ndiyo maana baba mdogo alinipigia. Yuko Kishapu, Shinyanga. Ana ekari 4, na alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Kuna watu walikuja kijijini na miche, wakafanya mkutano chini ya mti.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Eti wewe unayeandika magazeti, huu mkonge ni wa kweli au ni mbono mwingine?"

Nilimwomba siku tatu. Nikampigia tena, na haya ndiyo niliyomwambia, ukiondoa salamu za watu kumi na nane.

Nilimwambia mkonge si mbono. Huu haufungi duka, umehamishia duka usiku. Nikampa hesabu. Tuseme una lita 100 za maji ambazo mmea utazipitisha majanini. Mmea wa C3 kwa bei ya gramu 450 utanasa kama gramu 220 za hewa ukaa. Mtama, kwa bei ya 275, utanasa kama 360. Mmea wa CAM kwa bei ya 75 utanasa zaidi ya gramu 1,300. Maji yaleyale. Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekata.

"Kwa hiyo nipande wote."

Ndipo ugumu unapoanza. Ile bei ni ya maji tu. Haisemi mmea unakula kiasi gani kwa siku. Stoo ya mkonge ina ukubwa wake, na ikijaa asidi kabla ya alfajiri hakuna pa kuweka zaidi. Mtama katika mwezi wenye mvua unameza hewa ukaa kutwa nzima bila kujali stoo, na ndani ya miezi mitatu au minne umeshaweka chakula ghalani. Mkonge unakatwa kwa mara ya kwanza ukiwa na miaka miwili, mitatu. Mvua ikiwa nzuri mkonge nao hulegeza masharti, hufungua vinywa saa za alasiri na kula kama wengine, kwa hiyo hata wenyewe unazaa zaidi pasipo na ukame. Na usiku ukiwa wa joto jingi ukusanyaji wa asidi hupungua, maana mimea mingi ya aina hii hupenda usiku wenye ubaridi. Wanaofuatilia hali ya hewa wanajua kwamba usiku wa siku hizi unaongezeka joto. Hilo nilimwambia kwa kifupi, hakulipenda.

Nikamwambia baba mdogo, wewe hukosi maji peke yake. Unakosa pia muda. Watoto wa Pendo wanakula lini, mwaka huu au mwaka wa tatu? Mtama unabana maji kiasi na unalipa mapema. Mkonge unabana maji kupita wote na unalipa umechelewa, ila hata mvua ikigoma miezi mitano utaukuta umesimama, na majani yake bado yana nyuzi. Mtama uliokauka ukiwa na suke changa huna la kuufanya zaidi ya kulisha mbuzi.

Akauliza swali ambalo hakuna kitabu changu kimoja kilichokuwa nalo.

"Korona iko wapi?"

Kwa wasioishi kwenye mkonge: korona ni ile mashine inayoponda jani na kuchomoa nyuzi. (Neno hilo lilikuwepo kabla ya 2020, tafadhali.) Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Maana yake ukikata tani moja ya majani unasafirisha kilo 960 za kitu usichokiuza. Na jani likishakatwa halingoji. Likikaa siku kadhaa linaanza kukauka na nyuzi hazichomoki vizuri, kwa hiyo korona ikiwa mbali umekwisha. Halafu kuna kitu ambacho kilinikera kuliko vyote nilipokijua. Korona kubwa za mtindo wa zamani husafisha nyuzi kwa maji mengi, makumi ya maelfu ya lita kwa tani moja ya nyuzi, na maji hayo pamoja na yale yaliyokamuliwa kwenye jani huondoka na masalia yakichachuka kuelekea mtoni. Mmea umekaa miaka mitatu ukijinyima, ukifungua kinywa usiku kwa woga, kisha maji yote tunayamwaga asubuhi moja. Kule Hale, Tanga, miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kugeuza masalia hayo kuwa gesi ya umeme, kwa hiyo inawezekana. Lakini Kishapu hakuna mto wa kuchezea. Kishapu ni mashine ndogo za kukamua bila maji mengi, au hakuna.

Baba mdogo hakushangaa. Alisema wale watu wa miche walipoulizwa korona iko wapi walijibu kwamba mpango upo.

Amepanda ekari 1 ya mkonge, ile ya juu yenye mawe ambako mtama huwa unadumaa. Ekari 3 ameacha mtama, na mpakani minyaa ipo palepale. Ng'ombe wa pili pesa yake hajaigusa. Wiki hii alikuwa anakwenda Mhunze kuulizia trekta linabeba majani kwa shilingi ngapi mpaka kwenye mashine iliyo karibu, na kama mwenye mashine anapima kwa kilo za majani au za nyuzi. Mimi kazi niliyopewa ni kutafuta bei ya nyuzi Tanga. Kama kuna msomaji anayeifahamu bei ya sasa, ile anayolipwa mkulima mkononi, aniandikie.